Wanaopanga Mawazo na Wanaopanga Watu

Mazungumzo ya leo ni ya vitabu vya Kibuddha viitwavyo Abhidhamma. Vilitungwa Bara Hindi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na vinachambua yale yanayopita ndani ya akili ya binadamu: vinayapa majina, vinayahesabu, vinaonyesha lipi huzaa lipi. Najua kuna atakayeuliza mambo hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Mlima Kenya, wenye kanisa karibu kila kona na hekalu la Buddha hatujapata kuliona. Yanatuhusu kwa sababu sisi ni miongoni mwa watu ambao akili zao zilipata kupangwa mafungu kwa amri ya serikali, hapa hapa, na baadhi ya waliopangwa bado wako hai. Nimesoma habari za upangaji huo, nikasoma na ule wa Abhidhamma, na nimeamini kwamba mmoja ni elimu na mwingine ulikuwa dhuluma iliyovishwa joho la elimu. Leo nataka nieleze kwa nini.

Tuanze na vitabu vyenyewe. Maandiko ya Wabuddha wa Theravada, yaani wale wa Sri Lanka, Burma na Thailand, yamegawanywa katika makapu matatu, na kwa hiyo yanaitwa Tipitaka. Kapu la kwanza ni kanuni za watawa. La pili ni mahubiri ya Buddha. La tatu ndilo Abhidhamma, lenye vitabu saba, cha kwanza kikiwa Dhammasangani na cha mwisho Patthana. Mapokeo yanasimulia kwamba Buddha alipanda mbinguni kumfundisha elimu hii mama yake mzazi, aliyefariki siku saba tu baada ya kumzaa, na kwamba muhtasari wake alimpa mwanafunzi wake Sariputta. Wanahistoria wanaona vitabu hivi vilikua polepole mikononi mwa vizazi vya watawa baada ya Buddha kufariki. Kwa karne kadhaa havikuandikwa. Vilikaa vichwani, vikikaririwa kwa sauti, mpaka karne ya kwanza kabla ya Kristo, nchi ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ilipopigwa na njaa na vita, na watawa wakaogopa kwamba wanaovijua watakufa navyo. Wakakusanyika Aluvihara, karibu na mji wa Matale, wakaviandika kwenye majani ya mti wa jamii ya mtende. Mwaka 1900 mwanamke Mwingereza, Caroline Rhys Davids, alitoa tafsiri ya kile kitabu cha kwanza, na tangu hapo wasomi wa saikolojia wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakivichungulia.

Sasa, watawa hao wanahesabu nini? Jambo la kwanza wanaliita chita. Ni tukio moja la ufahamu, fupi mno: jicho limeona, sikio limesikia, wazo limepita. Matukio haya yako ya aina 89, au 121 ukihesabu kwa mapana. Jambo la pili wanaliita chetasika, ndiyo mambo yanayofuatana na kila tukio na kulipa sura yake. Hayo ni 52. Saba kati yake hayakosekani kamwe, hata ukiwa umesinzia kwenye matatu: mguso, hisia, utambuzi, nia, kulenga kitu kimoja, uhai, na kuelekeza akili. Mengine huja na kwenda. Yako 14 mabaya, kama tamaa, chuki, kiburi, kukosa haya, mashaka. Yako 25 mazuri, kama imani, huruma, wepesi wa akili, na kutong'ang'ania. Muhtasari unaosomwa zaidi hadi leo ni kijitabu cha mtawa Anuruddha kiitwacho Abhidhammattha Sangaha, na vijana wa Burma hukikariri kama watoto wetu wanavyokariri jedwali la kuzidisha.

Idadi hizo ukizisikia hivi hivi zinakauka mdomoni. Nizilete nyumbani.

Chukua mama mmoja wa upande wa Nkubu, mwenye kishamba chake cha chai. Ni msimu wa bonasi. Ameketi jikoni anamenya ndizi, simu inalia, anafuta mikono kwenye leso, anasoma ujumbe. Pesa zilizoingia ni kidogo kuliko alivyotarajia. Sisi tungesema amekasirika, tukamaliza. Abhidhamma haiishii hapo. Kwanza jicho limegusana na ile nambari kwenye simu. Papo hapo pana hisia, nayo ni chungu. Pana utambuzi: akili imeishika nambari hii ikaitambua kwamba ni ndogo, kwa kuwa inaikumbuka ya mwaka jana. Pana nia, ambayo ndiyo kiini cha kile Wabuddha wanachokiita karma. Halafu inazuka dosa, yaani ile hali ya akili kukisukumia mbali kilichoko mbele yake. Hasira ni dosa, chuki ni dosa, na hata hofu wanaiweka humo, maana mwenye hofu naye anakisukuma kitu, tofauti ni kwamba anarudi nyuma.

Dakika chache baadaye jirani anapita getini, anasema kule kiwanda cha pili wamelipwa zaidi. Sasa linazuka jambo jingine: wivu, kutovumilia mema ya mwenzako. Kabla hajarudi kwenye ndizi zake, shemeji anapiga simu kuomba msaada wa karo, na linazuka la tatu: uchoyo, kutotaka chako kiguswe na mwingine. Usiku, kitandani, linakuja la nne. Majuto. Laiti ile chai angeliing'oa miaka ile, akapanda parachichi.

Abhidhamma inasema wivu, uchoyo na majuto yote matatu ni ya ukoo wa chuki. Hutokea tu pamoja na dosa, na kamwe mawili yake hayatokei kwa pamoja katika tukio moja. Kuhusu majuto watu wengi hushangaa, nami nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Tumelelewa kuyaheshimu majuto. Lakini hebu tazama vizuri mtu anayejutia usiku kucha. Anafanya nini? Anaisukuma jana yake. Anamchukia yule aliyekuwa yeye. Hisia yake ni chungu sawasawa na ya mwenye hasira, na asubuhi hakuna lililotengenezwa. Vitabu hivi havikatazi mtu kukiri kosa na kulirekebisha, maana kuona haya kwa ubaya vimekuweka upande wa mazuri. Vinachotenganisha ni kule kuona haya, ambako kunamzuia mtu asikosee tena, na kule kujitafuna, ambako ni chuki iliyogeuziwa ndani. Sijui kama kuna jambo ambalo ningependa zaidi walisikie wazazi wetu waliopoteza watoto kwa ajali au kwa watoto hao kujiua, wanaojiuliza kila usiku wangefanya nini.

Liko na hili. Katika tukio la hasira, furaha haimo kabisa. Orodha iko wazi: ile chetasika ya furaha inayochangamsha mwili haipatani na dosa. Sasa, sote tunamjua mtu anayeonekana kuifurahia hasira yake. Jibu la Abhidhamma ni kwamba raha ile imo katika tukio jingine, linalofuata upesi, lenye mzizi wa tamaa: anaonja utamu wa kujiona ana haki. Kisha hasira tena, kisha utamu tena. Yanapishana upesi mno hata yeye anadhani ni kitu kimoja. Tena vitabu vinatofautisha hasira iliyojizukia yenyewe na hasira iliyochochewa. Ya mama yetu pale jikoni ilizuka yenyewe. Lakini vijana wanaopewa pesa ya kwenda kurushia watu mawe kwenye mkutano wa siasa, ya kwao ni ya aina ya pili, na kwa hesabu ya wale watawa hizo ni chita mbili tofauti, kila moja na namba yake.

Upesi huo wanaupima. Tukio la kuona kitu, tangu kigonge jicho hadi akili irudi kwenye utulivu wake, lina hatua 17. Na hapa ndugu zangu wa Mbeere mtege masikio, kwa sababu mfano anaoutumia mfafanuzi wao mkubwa, mtawa Buddhaghosa, aliyeandikia Anuradhapura huko Ceylon katika karne ya tano, ni mfano wa mwembe. Mtu amelala chini ya mwembe wenye maembe, amejifunika kichwa. Embe bivu linaanguka, linamkwaruza sikio. Anashtuka. Anafumbua macho, anatazama. Ananyoosha mkono, analiokota. Analibonyeza. Analinusa. Analila. Anameza mabaki ya utamu mdomoni. Anajilalia tena.

Kila kitendo hapo ni hatua ya akili. Usingizi ni ule mkondo wa chini ambao akili huwamo pasipo kitu cha kushughulikia, nao huchukua hatua tatu kutikisika na kukatika. Kushtuka ni akili kugeukia upande wa kilichogonga. Kufumbua macho ni kuona kwenyewe. Kuokota ni kupokea, kubonyeza ni kuchunguza, kunusa ni kuamua hiki ni nini. Hapo tumefika hatua ya 8. Kula kunachukua hatua saba mfululizo, na kumeza kunachukua mbili. Jumla 17. Katika zote hizo, ni zile saba za kula tu ndizo zenye wema au ubaya. Kabla yake hujatenda lolote la kukufanya mwema au mwovu: kitu kimekugonga, umekiona, umekipokea. Embe kukuangukia sikioni si kosa lako. Namna unavyolila ndiyo kazi yako.

Mtu anaweza kusema hii ni hesabu ya kitawa isiyopimika maabara. Ni kweli, hakuna aliyezipima hatua hizo kwa saa, na mimi sizileti kama sayansi ya ubongo. Ninazileta kama kazi ya watu waliokaa kimya miaka mingi wakitazama, na ambao walikuwa waangalifu kuliko sisi tunaosema tu kwamba fulani ana roho mbaya. Wa Nyambene na wa Mbeere mnaijua handasi, ile hali ya mtu aliyetafuna miraa au muguka. Mtafunaji atakwambia mwanzo wazo linamshika na halimtoki, halafu mwili unachangamka, halafu baadaye hatulii, anavurugika ovyo. Abhidhamma ina jina kwa kila kimoja: kuelekezwa kwenye wazo, kubaki juu ya wazo, furaha inayochangamsha mwili, kutotulia. Sisi tunayo majina mawili tu, handasi na mraibu, na la pili tunalipachika mtu mzima mzima.

Nimefika sasa kwenye lile lililonileta hapa studio.

Mwaka 1943 na 1944 askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, wakiwemo vijana wa mlima huu, walipelekwa Ceylon kwa mazoezi, kisha Burma kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw katika mvua na malaria, ikafika Kalemyo na Kalewa, na Desemba 1944 daraja likatandikwa juu ya mto Chindwin. Ukiufuata mto huo kuteremka unafika Monywa, na hapo ndipo mtawa Ledi Sayadaw, aliyefariki mwaka 1923, alipofanya kazi kubwa ya kuitoa Abhidhamma kwenye nyumba za watawa na kuipeleka kwa wakulima na wachuuzi, hata akaitunga kwa mashairi ya Kiburma ili mtu wa kawaida aikariri. Sidai kwamba askari wetu walikaa kitako wakafundishwa. Walikuwa vitani. Nasema tu kwamba walipita katika nchi mbili ambazo elimu hii imekaa kuliko popote duniani: nchi ilipoandikwa na nchi inapopendwa. Mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote wa Nyeri. Aliporudi, miaka michache tu baadaye, alikuwa kwenye msitu wa Mlima Kenya akiongoza wapiganaji wa Mau Mau kwa jina la General China.

Hali ya hatari dhidi ya Mau Mau ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya mkoloni iliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, ikakamata watu kwa kabila: Wakikuyu, Waembu, Wameru. Makumi ya maelfu walipelekwa Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Huko walichujwa. Mtu alipitishwa mbele ya gakunia, msaliti aliyevishwa gunia lenye matundu ya macho, na kwa kutikisa kichwa tu gunia lile liliamua. Wafungwa wakapewa rangi. Weupe ni wale walioonekana hawana neno, wakarudishwa. Wa kijivu wakapelekwa kambi za kazi. Weusi, yaani wale sugu, wakapelekwa mbali. Rangi hiyo ilidaiwa kuonyesha kilichomo akilini: mtu ameathirika na kiapo kwa kiasi gani, akili yake imechafuka hadi wapi.

Upangaji huo ulikuwa na daktari wake. John Colin Carothers aliwekwa kusimamia hospitali ya Mathari mwaka 1938, akiwa tabibu wa kawaida asiye mtaalamu wa magonjwa ya akili, akakaa hapo hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha ripoti yake nyingine, juu ya saikolojia ya Mau Mau. Aliwafahamu Waafrika kupitia wagonjwa wa Mathari na wafungwa, kisha akaandika juu ya bara zima. Ndani ya ripoti ile mgogoro wa ardhi unafifia na akili ya Mkikuyu inakuwa ndiyo mgonjwa. Mtu aliyenyang'anywa shamba akakasirika, hasira yake ikageuzwa dalili.

Na kambi zilizotekeleza imani hiyo zilikuwa jirani zetu. Mwea, wakati huo sehemu ya Wilaya ya Embu, palikuwa na Gathigiriri, Thiba na Kandongu, na Wamumu kwa vijana. Wafungwa ndio waliochimba mifereji ya mashamba ya mpunga ambao leo tunaula tukiusifu kwa harufu yake. Mwaka 1957, chini ya afisa Terence Gavaghan, ulianzishwa mtindo wa kuwachukua wachache sugu, kuwatia katikati ya wengi waliokwisha kukubali, na kuwapiga mpaka wakiri. Akikiri, rangi yake inabadilika. Mtindo huo huo ulipopelekwa Hola, tarehe 3 Machi 1959 watu 11 walipigwa hadi kufa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitamka masikitiko yake bungeni na ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Mtetezi wa mkoloni anaweza kusema, lakini hata wao waliamini mtu hubadilika, ndiyo maana walikuwa na njia ya kutoka nyeusi hadi nyeupe. Nimelifikiria hilo. Jibu langu ni kwamba kilichobadilika kilikuwa karatasi. Kilichokuwa kikitokea akilini mwa mtu pale Gathigiriri, hofu na uchungu kwa ajili ya mke aliyeachwa peke yake kijijini, uaminifu kwa aliyeapa naye, njaa, mashaka, hakuna aliyekihesabu. Karani alikuwa na rangi tatu. Watawa wa kale walikuwa na chetasika 52, na bado hawakuthubutu kumbandika mtu hata moja awe nayo daima.

Lakini niseme ukweli wote, maana msikilizaji mmoja aliyesoma ataniandikia. Katika vile vitabu saba, kimoja kinapanga watu. Kinaitwa Puggalapannatti, na kinaanza na watu wa aina moja moja hadi wa kumi kumi. Humo mna mtu ambaye hasira yake hukaa siku nyingi, mna yule ambaye hukaa kidogo, na yule ambaye hutoweka mara moja. Kwa hiyo walipanga? Walipanga, ndiyo, na wakakiweka kitabu hicho pamoja na kingine kiitwacho Kathavatthu, ambacho mapokeo yanasema kiliandaliwa na mtawa Moggaliputta Tissa katika enzi ya mfalme Ashoka, karne ya tatu kabla ya Kristo. Kina mabishano zaidi ya 200, na la kwanza kabisa, lililo refu kupita mengine, linauliza iwapo mtu anapatikana kama kitu halisi kabisa, kama hasira inavyopatikana, kama hisia inavyopatikana. Msimamo wa Theravada ni kwamba hapatikani. Tunasema mtu kwa ajili ya mazungumzo, na mazungumzo hayo yana nafasi yake, sokoni na mahakamani. Ila ukitafuta chini ya hayo, unapata matukio yanayozuka na kupita, kila moja na masharti yake. Kitabu cha Patthana kinataja aina 24 za masharti hayo.

Mimi ni Mkristo, na juu ya roho siwezi kukubaliana nao. Naamini mtu yupo na ana Muumba anayemjua kwa jina. Lakini naona kwamba imani yangu haikuwazuia wazee wetu kupakwa rangi na watu waliosoma Biblia hiyo hiyo, na kwamba nidhamu ile ya Wabuddha, ya kukataa kumtaja mtu kabla ya kutaja kilichozuka, ingeweza kuwazuia waliowapaka rangi hiyo. Afrika Mashariki sasa tunao wanaoifundisha. Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubuddha alipokwenda kusoma India, alipewa utawa mwaka 2002 huko California na U Silananda, Mburma aliyekuwa mwalimu mashuhuri wa Abhidhamma, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe. Si mbali. Anayetaka kuuliza anaweza kupanda basi.

Katika sheria zetu nako, juu ya kumbandika mtu jina, mambo bado yamechanganyika. Katiba ya 2010, ibara ya 83, inamnyima kura mtu aliyetangazwa kuwa na akili isiyo timamu, maneno yanayomfunika mtu mzima kama blanketi. Kwa upande mwingine, tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Kabla ya hapo, mtu alitolewa kamba shingoni akapelekwa korokoroni. Kwangu hukumu ile ni kubwa. Saa moja ya giza ndani ya maisha ya mtu haikugeuka tena kuwa jina lake kwenye jalada la polisi. Na nikiwa hapo, tafadhali: wewe unayesikiliza na ambaye mawazo hayakuachi, uchambuzi wa watawa hauchukui nafasi ya daktari. Mwambie mtu wa karibu leo, kisha nendeni hospitalini pamoja.

Nina ombi la mwisho. Waliokuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni Anvil sasa wamepita 90. Nyumbani kwenu, Kianjokoma, Mikinduri, Gachoka, kama yupo aliyepita Manyani au Mwea, kaa naye. Waliomhoji walitaka kujua kiapo alikula wapi na nani alikuwepo, na majibu hayo wamekwisha kuyahifadhi kwenye makabrasha yao. Wewe mwulize alihisi nini gunia lilipotikisa kichwa, alimwaza nani usiku wa kwanza kambini, alichukia nini, alicheka lini, na ni wakati gani woga ulimtoka. Usimkatize. Andika maneno yake kama anavyoyasema, kwa Kimeru au Kiembu au Kimbeere, uweke jina la kambi na mwaka. Akikubali, tuletee hapa studio, nasi tutayasoma hewani Jumamosi, saa hizi hizi.